Gata wangu watatu kumbe ni tumbo moja, na jike ana mimba tayari

MagambaLaini:

Wakuu habari zenu, naomba mawazo maana hapa nilipo sijui nishike lipi. Nina nyoka gata watatu, wale wa kawaida wenye mistari (Thamnophis sirtalis), madume wawili na jike mmoja. Wakati nawachukua niliambiwa dume mmoja ni wa ukoo mwingine kabisa ndo maana sikuona shida kuwaweka tanki moja, na nyie mnaofuga gata mnajua hawa sio kama nyoka wengine, hata uwape maficho matano utawakuta wote wamejibana chini ya gome moja. Sasa juzi nimeongea na aliyenipa, nilikuwa namuuliza mambo ya chakula tu, katikati ya maongezi ananiambia bila wasiwasi wowote kwamba wote watatu ni tumbo moja, na sio hivo tu, mama yao na baba yao nao ni kaka na dada. Baba ni albino, jamaa alikuwa anatafuta albino wengi kwa hiyo akawa anapandisha humohumo ndani. Tumbo walilotoka hawa wangu lilikuwa na watoto 19 na wote walikuwa rangi ya kawaida.

Shida ni kwamba nimejua too late. Walipotoka kwenye usingizi wa baridi madume walianza kazi hapohapo, wanampanda mgongoni wanasugua kidevu kuanzia huku nyuma mpaka shingoni, mmoja akichoka mwenzie anaingia. Sasa hivi jike nusu ya nyuma imejaa hadi ngozi inaonekana katikati ya magamba, anashinda chini ya taa kutwa nzima, minyoo anaigusa kwa ulimi afu anaiacha. Kwa hiyo msiniulize kama nina uhakika ana mimba, nina uhakika. Ninachouliza: watoto watatoka vilema? Kuna namna ya kuizuia hiyo mimba? Na wakizaliwa nawafanyaje, maana kuna sehemu nimesoma kwamba wakiwa wa ndugu kwa ndugu inabidi uue wote. Nawasilisha.

mkia_mrefu:

Acha woga dada. Porini nani anawauliza vyeti vya kuzaliwa? Nyoka wamekuwepo miaka mamilioni hawana habari na mambo ya binamu wala shangazi. Watazaliwa, watakula, maisha yanaendelea.

Kobe Mstaafu:

mkia_mrefu hapo umeongea kirahisi sana mkuu. Porini hawaulizani lakini porini pana nafasi. Chukua wale gata wa ubavu mwekundu wa Narcisse kule Manitoba, Kanada, kila masika wanatoka kwenye mashimo ya chokaa makumi ya maelfu kwa pamoja, jike mmoja anazungukwa na rundo la madume wamejiviringisha naye hadi humwoni, afu wakimaliza wanatawanyika kilomita nyingi kwenda kwenye mabwawa. Uwezekano wa jike kuangukia kwa kaka yake katikati ya umati ule ni mdogo mno, na hata akiangukia kwake bado anaweza kupata mbegu za dume mwingine. Tanki la watatu halina umati, lina kaka na kaka mwingine.

Na porini penyewe umati ukiisha mambo yanaharibika vilevile. Kuna mfano maarufu wa nyoka wa Ulaya anaitwa Vipera berus, kule Smygehuk kusini mwa Uswidi. Kundi lao lilibaki limetengwa, mashamba yamewazunguka pande zote, hawachanganyiki na wenzao, wakawa wanazaliana wenyewe kwa wenyewe. Watoto wengi wakawa wanazaliwa wafu au wana ulemavu, kundi likaanza kuelekea kwisha. Mwaka 1992 watafiti wakaleta madume 20 kutoka kundi lingine kubwa, wakawaacha hapo misimu minne ya kupandana, kisha wale waliobaki hai wakarudishwa kwao. Ndani ya miaka michache idadi ikapanda kwa kasi, na matokeo yakachapishwa 1999. Hakuna aliyebadilisha chakula wala makazi, ilikuwa ni damu mpya tu. Kwa hiyo nyoka hawana kinga yoyote ya ajabu dhidi ya hili jambo.

Lakini mleta mada usiogope kupitiliza pia. Kuzalisha ndugu kwa ndugu hakutengenezi jeni mbovu, kunazikutanisha zile zilizokuwepo zimejificha. Kila kiumbe anabeba chache zilizojificha, akipata nakala moja mbovu na moja nzima anaishi kama kawaida, akipata mbili mbovu ndo unaona matokeo. Kama babu zao walikuwa safi, watoto wa jike wako wanaweza kutoka wazima wote. Kama hawakuwa safi, utaona.

Kuizuia mimba: hapana. Hakuna dawa ya kumpa, na kumkamua tumbo au kumminyaminya utamuua. Muache azae. Kuua wote kisa tu wazazi ni ndugu ni upuuzi, anayeuliwa ni yule aliyezaliwa hawezi kuishi bila mateso, na huyo anapelekwa kwa daktari wa mifugo, sio kwenye friji kama wanavofanya wengine.

Bi Tatu Mistari:

Naongezea kwenye hesabu maana ndo kitu ninachokipenda. Mtoto wa kaka na dada ambao wazazi wao hawana uhusiano anakadiriwa kuwa na asilimia 25 ya jeni zake ambapo nakala zote mbili ni ileile moja, yaani imetoka kwa babu au bibi mmoja ikapita kwa mama na ikapita kwa baba ikaja kujikuta yenyewe. Ukirudia kaka na dada kizazi cha pili inakuwa 37.5, cha tatu inakuwa 50. Hao watatu wako ni watoto wa kaka na dada kwa hiyo wako kwenye 25 tayari, na hii mimba iliyopo itatoa watoto wa 37.5. Kwa kulinganisha tu, watoto wa binamu wa kwanza ni 6.25. Unaona sasa, jina ni lilelile, ndugu kwa ndugu, lakini kizazi kimoja na vizazi viwili ni vitu tofauti kabisa, na sisi wengi tunaogopa jina badala ya kuuliza ni mara ya ngapi.

Afu kuna hili la albino. Baba albino ana nakala mbili za ualbino, kwa hiyo kila mtoto wake lazima amepata moja. Mama angekuwa mbebaji, yaani ana nakala moja ya ualbino iliyojificha, nusu ya tumbo lingetoka albino, sasa watoto 19 bila hata mmoja inaonyesha mama karibu hakika hakuwa mbebaji, japo ni dada wa albino. Ina maana watatu wako wote ni wabebaji, na ukipandisha mbebaji kwa mbebaji kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka albino. Wale watakaotoka rangi ya kawaida, kwa wastani wawili kati ya kila watatu ni wabebaji, na kwa macho huwezi kuwatofautisha na asiyebeba, usijisumbue kuangalia mistari.

ILA, na hii ila ni kubwa, yote hayo ni kama baba yao kweli ni yule albino. Gata jike anaweza kuzaa tumbo moja lenye baba wawili au zaidi, imethibitishwa mara nyingi. Anaweza pia kuhifadhi mbegu toka majira ya baridi yaliyopita. Kwa hiyo jamaa akisema "tumbo moja" anajua mama tu, baba anamkisia. Inawezekana hao wako baadhi ni ndugu wa mama mmoja tu. Wakitoka albino utajua angalau dume aliyewazaa na jike wote ni wabebaji. Wasipotoka, na tumbo ni kubwa, basi kuna mahali hadithi ya jamaa ina tundu.

MagambaLaini:

Duh, Bi Tatu Mistari umenifungua macho, mi nilijua tumbo moja ni baba mmoja basi. Sasa nikiona mtoto amepinda uti au anatetemeka ndo nijue ni hiyo damu moja?

Mtambaji wa Usiku:

Hapo kwenye kutetemeka nakuja mimi, maana hii mada kila mwaka inarudi na kila mwaka kuna mtu anafunga ukoo mzima wa nyoka kwa kosa la chakula.

Kwanza unawalisha nini? Kama ni samaki, samaki gani? Samaki wa dhahabu na wengi wa jamii ya kapu (carp) wana kimeng'enya kinaitwa thiaminesi kinachovunja vitamini B1. Gata akila hao kwa muda mrefu anaanza kutetemeka, anashindwa kujigeuza ukimlaza chali, kichwa kinayumba, mwisho degedege na kufa. Mtu anaangalia anasema aah inbridingi hiyo (kuzalisha ndugu kwa ndugu), kumbe ni bakuli la chakula. Kugandisha hakuui thiaminesi, joto la nyuzi 80 kwa dakika 5 ndo linaiua. Rahisi zaidi lisha tilapia, trauti au samoni ambao hawana hicho kitu, na panya wadogo wa kugandishwa. Na kama jike ana upungufu wa B1 wakati wa mimba usitegemee watoto watoke imara. Minyoo pia, minyoo ya ardhini ya kawaida ni salama lakini ile myekundu midogo ya kutengenezea mbolea (Eisenia fetida) inatoa majimaji ya njano, ni sumu kwa gata. Ukiikunja ikatoa njano na harufu kali, tupa.

Uti uliopinda unaweza kuwa jeni, unaweza pia kuwa joto. Gata hatagi, anabeba watoto tumboni miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo tanki lako ndo kiatamizi chenyewe. Sehemu ya kuotea iwe nyuzi 30 hadi 32, upande wa pili 22 hadi 24, na achague mwenyewe. Mama akikosa pa kupoa au pa kujipasha, watoto wanaharibika hata kama baba katoka bara lingine.

Sasa unatofautishaje? Kwa tumbo moja mara nyingi hutofautishi, huo ndo ukweli. Jeni iliyojificha huwa inapiga kwa mpangilio, kasoro ileile inarudi kwenye watoto kadhaa, na ukipandisha wazazi walewale mwaka unaofuata kwenye mazingira mazuri inarudi tena. Joto baya hupiga hovyo, huyu kapinda mkia, yule kafa, mwingine kiini cha yai hakijaisha. Kinachonifanya nishuku damu zaidi ni macho, jicho moja dogo kuliko lingine au halipo kabisa kwa watoto zaidi ya mmoja, na watoto wanaozaliwa wazima kabisa kwa kuangalia ila hawakui, wanakula vizuri tu na bado wanabaki vijiti.

Vichwa viwili sio inbridingi jamani, naomba tuache hiyo. Mara nyingi ni kiinitete kilichoshindwa kugawanyika sawasawa.

mkia_mrefu:

Sawa nakubali hapo kwa Narcisse nilirahisisha. Ila bado nauliza, mbona wafugaji wa rangi wanapandisha baba na binti miaka nenda rudi na wanauza nyoka wazima tu?

Kobe Mstaafu:

Swali zuri. Sababu unaona waliouzwa, waliozaliwa wafu hakuna anayewapiga picha. Lakini pia ni kweli kwamba mara moja mtu anaweza kufanya na akatoka salama, ndo njia ya kupata albino wa kwanza kutoka kwa mnyama mmoja aliyeokotwa porini, huna njia nyingine zaidi ya kumpandisha kwa mwingine, kupata wabebaji, kisha kuwarudisha. Anayejua kazi akishapata albino anawatoa nje, anawapandisha kwa nyoka wasiohusiana, anapata wabebaji wapya wenye damu mbili tofauti, afu anakutanisha wabebaji wa koo mbili tofauti. Inachukua miaka maana jike wa gata hafiki umri wa kuzaa salama mpaka ana miaka miwili au mitatu. Asiye na subira anakata njia, baba kwa binti, kaka kwa dada, miaka mitano una albino wengi na tumbo linapungua, wafu wanaongezeka, na dume mmojammoja hata hamu ya kupanda hana.

Halafu tusichanganye na kitu kingine. Kuna rangi ambazo ulemavu umo ndani ya jeni yenyewe ya rangi, wale chatu wadogo Python regius wa aina ya buibui wanayumba kichwa hata umpandishe na nani, damu mpya haisaidii chochote. Ualbino wa gata sio hivyo, albino wa gata anaweza kuwa mzima kabisa, mpe tu mwanga hafifu kidogo. Shida ya albino ni ukoo wake kuwa mwembamba, wengi walioko kwa wafugaji wametokana na nyoka wachache. Kwa hiyo ukienda kununua "damu mpya" ukarudi na albino mwingine, unaweza kuwa umemrudisha binamu nyumbani. Damu mpya nunua nyoka wa rangi ya kawaida wa spishi na nususpishi hiyohiyo, mwenye asili inayojulikana.

MagambaLaini:

Nimewaelewa. Samaki nilikuwa nawapa mchanganyiko tu wa pakiti, naenda kusoma umeandikwaje. Sasa maswali ya mwisho: madume niwatoe leo? Na nikimtenga jike mwakani si atakuwa hazai tena?

Bi Tatu Mistari:

Watoe leo, sio kwa sababu ya mimba hii maana hiyo imeshaingia, ila apumzike na asipandwe tena. Jike mwenye mimba akisumbuliwa na madume wawili hali vizuri na hatulii kwenye joto. Mpe vipande vidogo vya chakula mara chache, akikataa muache, wengi wanakataa wiki za mwisho.

La mwakani, anaweza kuzaa bila dume, ndio. Kwanza hiyo mbegu aliyohifadhi, kwa hiyo akizaa mwakani usikimbilie kusema ni muujiza, ni kaka zake walewale. Pili, gata wamo kwenye orodha ya nyoka wanaoweza kuzaa bila dume kabisa, imeonekana kwa Thamnophis elegans na Thamnophis marcianus, japo ni nadra, watoto wanakuwa wachache na wengi wafu, na wanaoishi wanakuwa madume. Huo ndo undugu wa kupindukia, hata ndugu kwa ndugu ina nafuu. Ukitaka kumpandisha kwa dume asiyehusiana mpe angalau mwaka mmoja wa kupumzika arudishe uzito, na hata hapo wale watoto wa kwanza usiapie mtu kwamba baba ni dume mpya.

Wakizaliwa usiwaache na mama, unaweza kupoteza hesabu. Hesabu wote siku hiyohiyo, wazima, wafu, na yale mayai ya njano kama jeli yasiyorutubishwa. Mmoja mmoja mpitishe kwenye kiganja kwa utulivu, kinundu cha uti unakisikia kwa kidole kabla hujakiona, afu mwangalie kwa juu macho yote mawili yawe saizi moja. Wakati wa kulisha watenganishe au ukae hapo, wawili wakishika mnyoo mmoja kila mtu anameza kutoka upande wake na mwenye mdomo mkubwa anammeza mwenzie hivihivi, na hiyo haihusiani na ukoo wowote ni ulafi tu.

Mtambaji wa Usiku:

Na ukigawa watoto mwandikie kila anayechukua: wazazi kaka na dada, babu na bibi kaka na dada, wabebaji wa albino kwa makisio. Wengine watakataa kuchukua, sawa, lakini atakayechukua asije kurudi humu baada ya miaka miwili akiuliza swali kama lako. Wale madume wawili watafutie kila mmoja kwake, wasiende nyumba moja na dada yao mwingine yeyote wa tumbo lile. Wako 19, uliza jamaa wengine 16 walienda wapi.

MagambaLaini:

Nimemuuliza. Anasema 7 walichukuliwa na mtu mmoja.

Mtambaji wa Usiku:

Omba namba yake kwa jamaa leoleo, kabla msimu haujaisha.